Kisu cha Kujitengenezea: Usiruke Moto wa Pili

Kisu kilichofuliwa nyumbani kinaweza kukata karatasi vizuri, kisha kikavunjika kama kioo siku ya kwanza kinapogonga mfupa. Kipande kinachoruka kinaweza kumpofusha mtu. Mara nyingi kosa huwa moja: fundi anayeanza alikifanya chuma kuwa kigumu, lakini hakukirudisha motoni mara ya pili.

Chuma chenyewe ni muhimu. Springi kuukuu ya gari, ile bapa, ina kaboni ya kutosha kushika makali. Chuma laini cha kutengenezea madirisha hakina, hata kikipashwa moto siku nzima. Chuma kilichopakwa zinki kisitiwe motoni kabisa kwa kuwa moshi wake ni sumu.

Moto wa kwanza

Bapa la kisu hupashwa moto kwenye makaa hadi liwe jekundu kote. Kipimo rahisi ni sumaku: kwenye nyuzijoto 770 hivi, chuma huacha kushikwa nayo. Liongezewe moto kidogo tu, kisha litumbukizwe wima katika mafuta ya kupikia yenye uvuguvugu. Maji hupoza haraka mno na yanaweza kulipasua.

Mafuta yawe katika mkebe wa chuma, nje ya nyumba, kifuniko na mchanga vikiwa karibu. Yakishika moto, yasimwagiwe maji, yafunikwe.

Bapa likishapoa, lijaribiwe kwa tupa. Tupa ikiteleza bila kung'ata, limekuwa gumu. Hapo ndipo wengi hukosea wakidhani kazi imekwisha.

Moto wa pili

Bapa lisuguliwe kwa msasa hadi ling'ae, kisha litiwe katika oveni ya nyuzijoto 200 kwa saa mbili. Asiye na oveni aweke mgongo wa bapa juu ya kipande kinene cha chuma cha moto na kutazama rangi. Manjano ya nyasi kavu ikifika kwenye makali, alipoze majini mara moja. Makali yakigeuka buluu, yamelainika kupita kiasi. Arudie tangu moto wa kwanza.

Wakazi wanashauriwa kuvaa miwani ya kazi, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika miguu, na kuwaweka watoto mbali. Anayetaka kuifanya iwe riziki aulizie mafunzo ya ufundi wa vyuma katika chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu naye.