Kompyuta Yako Ina Mlinzi, Usimfukuze

Wiki hii tuzungumze kuhusu kompyuta, kwa sababu wako watu wanaolipishwa kwa kitu ambacho tayari wanacho. Mtu ananunua laptopu ya mtumba, zile tunazoziita ex-UK, kisha fundi anamwambia aongeze kidogo awekewe antivairasi. Je, kuna haja?

Ulinzi unahitajika, hilo halina mjadala. Kuununua ndio jambo jingine. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Microsoft imekuwa ikiweka programu kamili ya kukinga virusi ndani ya Windows yenyewe. Siku hizi inaitwa Microsoft Defender, haina malipo, na AV-TEST, maabara ya Ujerumani inayozipima programu hizi, imekuwa ikiipa alama za juu. Kwa mtu anayeandika barua, kusoma barua pepe na kulipa ada za watoto mtandaoni, hiyo yatosha.

Lakini Defender ina adabu zake: ikiona antivairasi nyingine imewekwa, yenyewe hukaa kando. Sasa jiulize ile ya fundi imetoka wapi. Ikiwa ni ya wizi, iliyovunjwa kufuli na mtu asiyejulikana aliko, basi umemwondoa askari mlangoni ukampa mpita njia funguo.

Hizi programu zilizovunjwa kufuli ndizo zinazotumaliza. Kijana anataka programu ya kuhariri video za harusi bila kulipa, anaipata mtandaoni pamoja na maelekezo, na mara nyingi agizo la kwanza ni: zima antivairasi yako. Mwizi anakuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, nawe unamfunga! Wazee walisema rahisi huvunja upishi. (Uhalali wa kutumia mali ya mtu bila idhini yake nawaachia masheikh.) Kinachoingia humo si lazima kije na kishindo. Chaweza kukaa kimya kikikusanya maneno ya siri uliyoyahifadhi kwenye kivinjari: ya barua pepe, ya benki, ya eCitizen. Kompyuta inafanya kazi kama kawaida, ndiyo maana mwenyewe hashtuki.

Halafu kuna flashi. Kila mwezi wa Juni, watu wanapokimbizana na tarehe 30 ya kuwasilisha ritani za KRA, saiba hujaa na flashi moja hupita kompyuta tatu, nne. Ukifika nyumbani ukiifungua, vyeti vyako havipo. Zimebaki alama zenye mshale mdogo tu. Wengi hapo huifomati wakidhani faili zimekufa. Hazijafa. Kirusi hicho huzificha, kisha huweka njia za mkato zenye majina yaleyale, ili ukibofya ukiamshe. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzuia flashi zisijiendeshe zenyewe zinapochomekwa, kwa hiyo mtunzi wa kirusi anahitaji kidole chako. Usimpe. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, agiza Defender iikague, kisha ndipo uiambie kompyuta ioneshe faili zilizofichwa. Zikikataa kuonekana, fundi mwaminifu atazirudisha kwa amri moja fupi iitwayo attrib.

Masasisho nayo tunayachukia kwa sababu yanakula bando. Naelewa. Lakini mnakumbuka WannaCry, Mei 2017? Ilifunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia kuanzia dola 300; hospitali za Uingereza zikafuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Dawa ya tundu lile Microsoft ilikuwa imeitoa Machi, miezi miwili kabla. Nalisema hili kwa sababu Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata muda wa nyongeza, na laptopu nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Mwenye mashine kama hiyo anaweza kuwekewa Linux, nayo ni bure, ingawa itamchukua siku kadhaa kuizoea.

Na faili zikishafungwa na kirusi cha aina ya WannaCry, antivairasi haina funguo za kuzifungua. Kitakachokuokoa ni nakala iliyo kwenye diski ya nje, nayo iwe imechomolewa, maana ikiwa imechomekwa itafungwa pamoja na zingine.

Leo usiku fungua Windows Security, uingie sehemu ya ulinzi dhidi ya virusi, usome jina la programu inayolinda. Likiwa si Defender, wala huna risiti ya hiyo nyingine, fundi wako ana maswali ya kujibu.