Mikumi si ya Wageni Peke Yao

Kila shule zinapokaribia kufungwa huwa nasikia maneno yale yale: "Mbugani ni kwa Wazungu, sisi fedha hiyo tutaitoa wapi?" Mimi ni mkazi wa Masanze, wilayani Kilosa, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Napenda kusema leo kwamba maneno hayo ni nusu ya ukweli. Lango halikufungwa kwa mwananchi. Kinachotushinda ni mipango.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inaikata kwa kiasi cha kilomita 50, kwa hiyo abiria wa mabasi huwaona twiga na swala bila kulipa senti. Lakini kuona mbuga kwa dirishani ni sawa na kunusa pilau ya jirani: harufu unaipata, tumbo linabaki tupu.

Sasa tuzitazame gharama moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni kiingilio. Mtanzania hulipa kwa shilingi, tena kidogo sana akilinganishwa na mgeni anayelipa kwa viwango vya dola. Watoto hulipa pungufu, na wale walio chini ya miaka mitano hawalipi. Usisahau kitambulisho cha taifa, maana ndicho kitakachothibitisha uraia wako pale langoni. Viwango hubadilika, kwa hiyo viulize kwa TANAPA wenyewe kabla hujaondoka nyumbani. Usimwulize dalali wa stendi, kwani yeye ana bei yake mfukoni.

Ya pili ni gari, na hapa ndipo fedha nyingi inapopotelea. Ndani ya hifadhi hakuna daladala, na huruhusiwi kuzunguka kwa miguu upendavyo. Kama huna gari lako, lazima ukodi, na gari hukodishwa zima, wawe watu wawili au saba. Tuseme mwenye gari anataka shilingi 250,000 kwa siku. Mume na mke peke yao watatoa 125,000 kila mmoja. Wakiwa saba, kila mtu hatoi hata 36,000. Basi nendeni kwa kundi: majirani, wafanyakazi wenzenu, wanakikoba. Wanaocheza upatu wa kununulia vyombo wanaweza kucheza na upatu wa safari, wakaanza kuchanga Januari na kusafiri Septemba.

Ya tatu ni kufika. Ndege ndogo hutua ndani ya hifadhi, lakini hizo huwafaa zaidi watalii wanaotoka Zanzibar wakiwa na siku moja tu. Mkazi wa Dar es Salaam hana sababu ya kuzipanda. Treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 kwa nauli ya shilingi 13,000 daraja la kawaida, hutumia kama saa mbili tu. Kutoka Morogoro unapanda basi. Na kama una ndugu ughaibuni anayetaka kuja kutembea, mshauri aepuke Desemba, na akate tiketi ya ndege miezi kadhaa mapema.

Ya nne ni malazi. Hoteli za kifahari zipo, lakini mji mdogo wa Mikumi una nyumba za kulala wageni za bei ya kawaida, na hifadhi yenyewe ina mabanda na viwanja vya kupigia kambi. Chakula nunueni sokoni kabla ya kuingia.

Kuhusu majira, Juni hadi Oktoba ndio wakati mzuri. Majani huwa mafupi na wanyama hukusanyika penye maji, hasa uwanda wa Mkata na bwawa la viboko. Wakati wa masika vyumba huweza kushuka bei, lakini udongo mweusi hunasa magari, na siku nzima ya kukodi ikaishia matopeni.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu vijijini kwetu, pembezoni mwa hifadhi, wako watoto wanaomjua tembo kama mwizi wa mahindi tu, na mjini wako wanaomjua kwenye picha ya daftari. Wote hao ndio watakaoambiwa kesho wailinde mbuga hii. Mtu hulinda kwa moyo kile anachokijua. Anayekijua kwa chuki au kwa picha hatakilinda.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni hesabu yenu mapema, gawaneni gari, mje. Juma lijalo tukijaliwa tutazungumza tena.