Kabati la jikoni likinata

Mama msomaji, kama milango ya kabati lako inanata kwenye vidole, usikimbilie kununua rangi ingine. Huku Nyalukemba mawese yanakaangwa kila siku, na mvuke wake unapanda mpaka unalainisha rangi. Ukipaka juu ya mafuta hayo, itabanduka tu. Pengine fundi alipaka nzito: juu ikakauka, ndani ikabaki laini.

Osha na maji ya moto na sabuni, suuza, acha ikauke kabisa. (Kazi hii ni ya mwezi wa 7, si ya wakati wa mvua.) Kwangua, piga msasa, paka nyembamba mara mbili.

Lakini ngoja kwanza. Nyumba ikiwa ya wakati wa Wabelgiji, kabla ya 1960, rangi ya chini yaweza kuwa na risasi. Nasema madini, si ya bunduki! Vumbi lake linaharibu ubongo wa mtoto, hata likiwa kidogo. Hapo msasa mukavu hapana. Lowanisha, toa unga na vyombo, watoto na wenye mimba walale kwa jirani, kisha pangusa yote na kitambaa chenye maji. Na kama rangi hiyo ya zamani ingali imeshika vizuri, iache, osha tu.