Kabla hujaingia porini kumfukuza nguruwe

Masika yakishika na mahindi yakianza kubeba, simu yangu haipumziki. Mmoja yuko Mwera, mwingine Mkwaja, mwingine Madanga, na shida ni ileile: "Bwana shamba, nguruwe wamemaliza!" Mara nyingi kabla sijafika, vijana wameshajikusanya na mikuki, mapanga na mbwa wao, wanataka kuingia porini. Leo basi tuweke pembeni mbolea na viuatilifu, tuongee kuhusu huo msako. Nimeona watu wakirudi wameumia kwa mambo ambayo yangezuilika kabisa.

Niseme kilichonifanya niandike. Msimu uliopita baba mmoja wa makamo, mlima muhogo wa huku ng'ambo ya mto, alikwenda na vijana sita kumtoa nguruwe aliyekuwa analala kwenye mkonge wa zamani. Nguruwe akachomwa mkuki wa ubavuni, akaingia kichakani. Kimya. Wakasema huyo kashakufa. Yule baba akainama kuchungulia. Mnyama akatoka chini kama jiwe la teo, akampasua paja kuanzia juu ya goti. Alipona, alhamdulillahi, lakini alilala ndani muda wote wa palizi, na lile shamba alilokuwa analipigania likaliwa na nyani kwa sababu hapakuwa na wa kulinda. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia, "Mwanangu, nguruwe alikula matuta kumi. Mimi nimekula mengine yote."

Sasa tuanze na sheria, najua hamuipendi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, wako chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Kanga, sungura, paa, nguruwe, wote wamo humo. Kuwinda kunataka kibali. Kuua mnyama katika kujiokoa au kuokoa mali yako kunaruhusiwa, lakini lazima utoe taarifa, na mnyama aliyeuawa hivyo ni mali ya serikali, si kitoweo chako. Kuna njia ambazo haziruhusiwi kuwindia bila idhini maalumu: mitego ya waya, mashimo, nyavu, sumu, hata mbwa na mwanga wa tochi. Kwa hiyo msako hauanzii kwenye kunoa mkuki. Nenda ofisi ya kijiji, mwenyekiti na mtendaji wapeleke taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mpewe utaratibu na ikiwezekana askari wa kuongozana nanyi. Wenzetu mnaopakana na Hifadhi ya Taifa Saadani mjue zaidi: ukishavuka mpaka wa hifadhi, habari ya "nilikuwa namfuata nguruwe wangu wa shambani" haikusaidii.

Watu husema hiyo njia ni ndefu. Ni ndefu kweli, mimi mwenyewe nimeshawahi kungoja majibu mpaka mahindi yakakauka. Lakini kuna jambo halisemwi. Mtu aliyeumia kwenye uwindaji wa kificho huogopa kwenda hospitali. Anaogopa kuulizwa. Anakaa nyumbani na jeraha, siku ya nne mguu umevimba kama gogo. Nimeliona hilo. Na zile Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, kwa wanaodhuriwa na wanyama hatari kama tembo, kiboko au mamba, hazimwangalii mtu aliyeumia akiwa kwenye kazi isiyo halali.

Haya, tumjue mnyama mwenyewe. Nguruwe pori hutembea usiku kwa kundi, mchana analala kwenye kichaka kizito au kwenye mashamba ya mkonge yaliyoachwa. Dume lililokomaa huweza kupita kilo 80. Meno yake ya chini yanasuguana na ya juu kila anapofunga mdomo, kwa hiyo yanajinoa yenyewe. Anapiga kwa kuinua kichwa, toka chini kwenda juu, ndiyo maana majeraha mengi huwa mapajani na kwenye kinena, penye mishipa mikubwa ya damu. Kwa kawaida anakimbia binadamu. Hatari ziko tatu: aliyejeruhiwa, mwenye watoto, na aliyezibiwa njia. Msimzunguke pande zote. Acheni upande mmoja wazi ili atoke, lengo ni aondoke shambani. Akiingia kichakani na damu, asifuatwe na mtu mwenye mkuki. Hiyo ni kazi ya askari mwenye bunduki.

Kuhusu huo mkonge. Watu wa Pangani tumezaliwa humo, tumeshauzoea, na ndiyo tatizo. Ncha ya jani la mkonge iko usawa wa jicho la mtu aliyeinama, na mtu anayekimbiza mnyama huinama. Mwiba wa mkonge ukiingia jichoni usiuchomoe wala usisugue. Funika jicho kwa kikombe au kitu kisichogusa mboni, nenda hospitali. Ukiweza kupata ile miwani ya mafundi wa kuchomelea, ile nyeupe, chukua. Vijana wanaicheka. Wacheke.

Mavazi ni mabuti ya mpira yanayofika karibu na goti na suruali nzito. Si malapa, wala si kikoi. Msako ufanyike mchana, kila mtu ajue nani yuko kulia kwake na nani kushoto, na awepo mmoja anayeamua kusimama au kusonga. Vaeni kitu cha rangi kali, hata fulana za kampeni zinafaa. Mkuki ubebwe ncha ikiwa mbele na chini, usiwekwe begani, maana anayekufuata ndiyo macho yake hayo. Magobori sitaki hata kuyasikia. Mbali na kwamba kuwa nalo bila leseni ni kosa, bomba lile lilitengenezwa na fundi kwa kukisia, na likipasuka linampasukia mwenye kulishika. Na msichome pori ili mnyama atoke. Upepo wa huku pwani hubadilika alasiri, na minazi ya jirani haitakusamehe.

Ukikaribia mto, simama. Nguruwe anajua kuogelea, wewe una mabuti. Mto Pangani una mamba na viboko, na vile vichochoro vya matete ndiyo njia zao viboko. Ukisimama kati ya kiboko na maji umeziba mlango wake.

Sasa mbwa, hapa naomba tusikilizane vizuri. Mbwa wa msako wanakutana na mizoga, mbweha na mbwa wengine wa porini, na wengi hawajawahi kuchanjwa. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini kinazuilika kabisa ukiwahi. Mbwa akikung'ata, au hata akikulamba penye mkwaruzo, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Tumia saa, usikisie. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaanze sindano, na uzimalize zote hata kama jeraha limefunga.

Najua wengi wetu huku ni Waislamu na mbwa au nguruwe akikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Hiyo twahara siigusi, si kazi yangu. Ninachoomba ni kwamba kama ngozi imepasuka, udongo usiingie kwenye jeraha. Udongo unaleta pepopunda. Nilimuuliza shehe mmoja tuliyekuwa naye kwenye mkutano wa kijiji, akasema mbele ya watu kwamba mwenye jeraha ana ruhusa zake, aende akatibiwe kwanza. Nanyi muulizeni wa kwenu. Mbwa wenyewe waleteni wachanjwe kila mwaka, daktari wa mifugo wa wilaya akitangaza siku msiseme mbwa wangu ni mkali hashikiki.

Nyoka nao. Kifutu, wengine mwamwita bafe, ndiye anayewapata wengi, kwa sababu hakimbii. Analala kwenye majani makavu rangi moja nayo mpaka umkanyage. Koboko ni mwepesi na akizibiwa njia anauma. Fira mtemaji anarusha sumu mita 2 hadi 3 na analenga macho. Ikiingia, osha jicho kwa maji mengi sana, maji ya kawaida tu, usitie dawa ya majani wala maziwa ya mama, halafu nenda hospitali.

Aliyeumwa na nyoka mketishe, mtulize, asitembee. Mvue pete, saa na viatu kabla ya kuvimba. Mguu au mkono ufungwe gango kama wa kuvunjika, usisogee. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usiweke jiwe la nyoka ukakaa kusubiri. Kamba hasa imeponza watu: sumu ya kifutu inaozesha nyama, ukiifungia sehemu moja unaisaidia kazi. Usimkimbize nyoka ili umpeleke hospitali, utaongeza mgonjwa wa pili. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na ukweli ni kwamba dawa yake haipo kila zahanati. Pigeni simu kwanza muulize ilipo, msije mkapoteza saa mbili kwenye mlango usio na dawa.

Jeraha la meno au panga linalotoka damu nyingi, weka kitambaa safi, hata khanga, ukandamize kwa nguvu zako zote bila kufunua dakika 10. Kila ukifunua kuangalia unaanza upya. Kikilowa ongeza kingine juu yake. Mkuki au kijiti kilichozama mwilini usikichomoe, kishikilie kisicheze. Tumbo likipasuka na utumbo ukatoka, usiurudishe ndani. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji, mgonjwa asile wala asinywe. Na kila mwenye jeraha aulizie sindano ya pepopunda.

Mitego ya waya na sumu nimeshasema haziruhusiwi, lakini acha niongeze kama bwana shamba. Kuna wanaochanganya mahindi na dawa ya wadudu kuwaua kanga na nyani. Kanga aliyekula haanguki hapohapo, anakwenda kufia kwenye shamba la mwingine, mtoto anamwokota, jioni yuko chunguni. Waya nao hauchagui. Umeshika mbuzi wa majirani na miguu ya wachuma korosho.

Nyama. Tangu mwaka 2020 serikali iliruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, kwa hiyo anayetaka kula nyamapori kihalali njia ipo. Ya kuokota porini usiiguse. Mnyama uliyemkuta amekufa, hasa mwenye damu inayotoka puani na haigandi, anaweza kuwa na kimeta, na kimeta kinamwingia mtu hata kwa kuchuna tu. Wale ndugu zetu wanaofuga nguruwe wasilete mzoga wa nguruwe pori karibu na banda. Anaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuumwa, na ikiingia bandani hakuna chanjo ya kukimbilia hapa kwetu, banda zima linakwisha.

Baada ya hayo yote mtaniuliza, sasa tufanye nini, tukae tuwaangalie? Hapana. Fyeka ukanda wa hatua kumi kuzunguka shamba, nguruwe hapendi kuvuka peupe. Pandeni kwa pamoja, shamba lililotangulia au kuchelewa peke yake ndilo linaloliwa lote. Muhogo ulio karibu na pori uwe ule mchungu, mtamu uwe karibu na nyumba, ila wa mchungu mjue kuusindika. Na mlinde kwa zamu, watu wawili wawili, na madebe na tochi za kufukuzia tu.

Dungu nalo liangaliwe, kwa sababu nimeshashuhudia mtu akivunjika nyonga bila kumwona nguruwe hata mmoja. Miti ya nguzo iliyokaa misimu miwili ardhini mchwa wameshaila kwa ndani. Igonge kwa kisigino cha panga, ukisikia mlio wa tupu badilisha. Ngazi iwe ya kupigilia misumari, si ya kamba za ukindu, na usipande na mkuki mkononi, uvutwe baadaye kwa kamba. Usiku ukitaka kushuka kwenda haja, mulika chini kwanza, kifutu anapenda joto la jivu la moto wenu.

Kabla ya kuondoka kwa msako au kwa zamu, mpigieni bodaboda mmoja mkubaliane naye akae na simu hewani. Na wale wa ng'ambo mjue kivuko kinafunga saa ngapi siku hiyo.