Daraja la Tsavo na Watu Waliolijenga

Reli haikufika Meru wala Embu. Tawi lake lilifika Thika mwaka 1913, likakomea Nanyuki mwaka 1930. Kwa hiyo wengi katika majimbo haya walilijua daraja la Tsavo kwa habari za simba tu. Yafaa tusimulie pia habari za watu waliolijenga.

Ujenzi wa reli ulianzia Mombasa mwaka 1896. Mwezi wa Machi 1898 mhandisi Mwingereza, John Henry Patterson, alifika Tsavo, yapata maili 130 kutoka pwani, ili asimamie kazi ya daraja. Mataruma yalipita kwanza juu ya daraja la muda, na wafanyakazi kutoka Uhindi wakaanza kujenga nguzo za mawe.

Kazi haikukosa ugomvi. Patterson aliandika kwamba waashi walipata rupia 45 kwa mwezi, na vibarua rupia 12 tu. Kwa hiyo wengi wasiojua kuchonga mawe walijiita waashi. Alipoamua kumlipa kila mtu kwa kadiri ya kazi yake, baadhi yao walikula njama ya kumwua.

Tena simba wawili wasio na manyoya shingoni wakawa wanawanyakua watu usiku mahemani. Watu walizungusha maboma ya miiba, wakafunga vitanda vyao juu ya miti, wasipone. Mwezi wa Desemba mamia walilala juu ya reli, wakalisimamisha gari la moshi, wakapanda na kukimbia. Kazi ilisimama yapata majuma matatu, hata simba wote wawili walipouawa mwezi ule ule. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kuwa walikula watu 35 hivi.

Daraja lilikwisha mapema mwaka 1899. Kisha mvua kubwa ikanyesha, mto ukafurika, ukayang'oa madaraja madogo ya kupitishia vifaa na kuyatupa juu ya lile kubwa. Nguzo za mawe hazikutikisika.

Tangu mwaka 2017 abiria wa Mombasa hupita reli mpya. Ngozi za simba wale zimo katika jumba la makumbusho la Chicago, na jina la Patterson limo vitabuni. Wafanyakazi wapatao 2,500 waliotoka Uhindi walikufa katika ujenzi wa reli ile, na wengi wao hawatajwi popote. Apitaye Tsavo na awakumbuke hao.