Kiharusi: Kwa Nini Daktari Anataka CT Scan Kwanza

Wengi wetu tulio ughaibuni tunaijua CT scan kupitia simu. Mama ameanguka, mdomo umepinda, mkono hauinuki, na ndugu walioko hospitali wanachangishana fedha za kipimo. Kisha mtu anauliza kwenye kundi la familia: kwa nini wasimpe dawa kwanza, picha ije baadaye?

Ni swali la haki, na jibu lake ni la kufa na kupona. Kiharusi kina aina mbili. Katika ya kwanza, damu iliyoganda imeziba mshipa na sehemu ya ubongo inakosa damu. Katika ya pili, mshipa umepasuka na damu inavujia ubongoni, mara nyingi kwa sababu ya presha iliyokaa miaka bila kutibiwa. Ukiwatazama wagonjwa hao wawili kitandani, hata daktari mzoefu hawezi kuwatofautisha kwa uhakika. Lakini dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayoweza kumwokoa wa kwanza, inaweza kumuua wa pili. Hata aspirini inayotolewa nyumbani kwa nia njema inaweza kudhuru. Na barani Afrika kiharusi cha kuvuja damu huchukua sehemu kubwa zaidi kuliko Ulaya, kwa hiyo kubahatisha huko nyumbani ni hatari mara dufu.

CT scan hulimaliza swali hilo kwa dakika chache, kwani damu iliyotoka kuvuja huonekana nyeupe kwenye picha. Mshipa ulioziba ni jambo jingine: saa za mwanzo ubongo unaweza kuonekana kama hauna tatizo. Majibu ya “hakuna damu” hayamaanishi mzee hana kiharusi. Yanamwambia daktari kwamba mlango wa dawa ya kuyeyusha huenda uko wazi.

Kabla ya kipimo hiki, eksirei ilionyesha fuvu, si ubongo wenyewe. Madaktari walilazimika kutoa maji ya uti wa mgongo na kuingiza hewa mahali pake ili mipaka ya ubongo ionekane, na mgonjwa aliumwa kichwa vibaya sana. Mwaka 1956, mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa akisaidia katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Hapo alianza kutafuta hesabu ya kujua kilichomo ndani ya mwili kwa kupima miale inayoupenya kutoka pande nyingi. Alichapisha matokeo yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeyajali.

Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI alifikia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mashine yake ilimpima mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe ubongoni. Ilikusanya vipimo 28,800 kwa kila picha, nayo picha ilikuwa ya vijiraba 80 kwa 80 tu. Uvimbe ulionekana, na daktari wa upasuaji akaukuta palepale. Mwaka 1979 Hounsfield na Cormack waligawana Tuzo ya Nobel. Mimi huona fahari kwamba sehemu ya hesabu hiyo ilianzia katika hospitali ya Afrika.

Miale ya CT scan ni mingi kuliko ya eksirei ya kifua, hivyo si kipimo cha kuomba kwa kila maumivu ya kichwa. Kwa kiharusi, faida inazidi hatari hiyo kwa mbali.

Ukipigiwa simu, usianze na bei. Uliza: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Dawa ya kuyeyusha kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na aliyeamka akiwa amepooza huhesabiwa tangu alipolala. Anayeijua saa hiyo ndiye aandamane na mgonjwa hospitali.