Baridi Peke Yake Hainyamazishi Kioo

Mnunuzi makini wa vyombo pale soko la Gikomba, Nairobi, halipii bakuli la kauri kabla ya kuligonga kwa ukucha. Likilia kwa muda mrefu, ni zima; likitoa sauti butu inayokufa papo hapo, lina ufa hata kama jicho haliuoni. Kipimo hichohicho, kwa vifaa ghali zaidi, ndicho kinachochagua vioo vya kusikiliza mashimo meusi yakigongana, na kinawasuta wanaodhani kwamba kioo kikipozwa tu kitatulia.

Vituo vya LIGO nchini Marekani, vilivyonasa mawimbi ya uvutano ya mgongano wa namna hiyo kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015, hurusha leza katika mikono miwili yenye urefu wa kilomita 4 kila mmoja, kisha hupima badiliko dogo kuliko sehemu moja ya elfu ya upana wa protoni. Kila kioo kikuu ni silika safi ya kilo 40. Ila silika tupu huakisi takriban asilimia 4 tu ya mwanga. Kazi ya kuakisi hufanywa na utando mwembamba kuliko unywele, wenye tabaka zinazopokezana za silika na oksidi ya tantali, metali ileile iliyomo katika koltani ya Kivu. Atomu za utando hutetemeka kwa joto, na msuguano wake wa ndani ukiwa mkubwa, mtetemo husambaa katika masafa yote badala ya kujikusanya kwenye sauti moja. Bakuli lenye ufa, hasa.

Basi kwa nini kioo kisipozwe? KAGRA, kituo cha aina hiyohiyo kilicho chini ya mlima huko Kamioka, Japani, kimejengwa kwa wazo hilo: vioo vya yakuti samawi vya kupozwa hadi karibu nyuzi 253 chini ya sifuri. Wazo ni zuri, lakini silika ya utando, tulivu katika joto la kawaida, huzidi msuguano ikifikia baridi hiyo, kwa kuwa atomu zake zimepangwa ovyo na vikundi vyake huyumba kati ya mikao miwili. Oksidi ya tantali nayo haina nafuu. Faida ya baridi huliwa nusu njiani.

Kati ya vifaa mbadala vya utando, silikoni isiyo fuwele hutulia baridini, lakini hufyonza mwanga na kukipasha joto kioo kilekile kinachopozwa. Fuwele za gali, alumini na aseniki zilionyesha mwaka 2013 kwamba msuguano waweza kushuka kama mara kumi. Hata hivyo sahani za kuzikuzia bado ni ndogo, na baridini zimeonyesha kelele za aina yake. Bado ningeziwekea dau: udogo wa sahani ni tatizo la kiwanda, mpangilio ovyo wa atomu ni tabia ya maumbile.

Atauliza mtu, haya yanahusu nini Eastlands ya Nairobi? Setilaiti iliyosaidia kuitambulisha Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi ilirushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru, jina la mtaa ulio papa hapa Eastlands. Na kupima utando hakudai kilomita 4: kisahani cha kutosha kiganjani, chumba kisicho na hewa, na saa ya kuhesabu mlio unavyofifia. Idara za fizikia za vyuo vyetu zianzie hapo, katika joto la kawaida.